Fulana Zisizo na Uso

Mwenye studio ya picha alikutwa asubuhi amelala kifudifudi nyuma ya kaunta, kisogo kimepasuka. Stendi ya kamera ilikuwa pembeni yake, ina damu. Droo ya fedha haikuguswa. Zilizoguswa ni fulana za dirishani: kumi na tisa, kila moja imekatwa tundu la mviringo kifuani.

"Mwizi gani huyu anaiba matundu?" aliuliza sajini wa makosa ya mtandao.

Inspekta hakucheka. Aliokota fulana moja. Juu ya tundu maneno yalikuwa yamebaki: UKIGUNDUA BANDO LIMEISHA. Chini yake, muhuri wa studio.

"Mzee Jamani huyo, afande. Hujawahi kumwona?" aliuliza sajini.

Nani hajamwona? Mwanamume ameachama, mikono kichwani, macho yamemtoka. Mitandaoni watu waliibandikia picha yake kila shida ya kipuuzi: bando, mchuzi kuungua, timu kufungwa dakika ya mwisho. Inspekta mwenyewe aliwahi kumtumia mkewe picha hiyo.

Mjane alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. "Mume wangu hakuwa na ugomvi na mtu. Nataka nijue kosa lake, basi."

"Picha hii aliipiga yeye?"

"Wapi! Aliitoa kwenye simu kama wengine. Ila muhuri wa studio alipiga kila kitu kilichopita mkononi mwake, hata picha ya mtu mwingine. Tangazo la bure, alikuwa akisema."

Aliyekata nyuso hizo alizichukia, au zilikuwa zake. Inspekta aliamua kumtafuta mwenye uso.

Kwa siku mbili sajini aliifuata picha kinyumenyume, nakala kwa nakala. Kwanza muhuri ukatoweka, kisha maneno. Nakala kongwe kuliko zote ilikuwa pana zaidi. Ilionyesha benchi, ukuta wa kijani, na mlango ulioandikwa WAGONJWA MAHUTUTI.

"Mungu wangu," sajini alisema.

Namba iliyoituma kwanza ilikuwa ya mshonaji mmoja. Alikuja kituoni alipoitwa, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Huyu ni nani?"

"Kaka yangu. Hapo daktari ndiyo kwanza amemwambia mwanawe amefariki."

"Nani alimpiga picha?"

"Mimi." Alikaza mkoba mapajani. "Niliituma kwenye kundi la ukoo. Walikuwa na visingizio tu, huyu kazi, yule yuko mbali. Nikasema wakimwona alivyo, watakuja."

"Walikuja?"

"Wawili. Binamu mmoja akaukata mlango kwenye picha, akaandika mambo ya bando. Nilifuta, lakini ilishatoka."

"Kaka yako anajua?"

"Usimwambie, afande. Nimebaki mimi tu kwake."

Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alama zake za vidole zililingana na zile za kwenye stendi. Chini ya sanduku lake la vifaa vilikutwa vipande kumi na tisa vya kitambaa, vimekunjwa kimoja kimoja. Hakubisha.

"Mafundi wenzangu walikuwa wananiita Mzee Jamani," alisema baada ya kupewa onyo la kisheria. "Nikikosea kupima chuma, wote wanashika vichwa. Nikavumilia. Siku hiyo napita, naona msiba wangu umetundikwa dirishani, na muhuri chini. Nikasema, kumbe aliyeipiga ni huyu."

"Ukaingia kumuua."

"Niliingia kumwomba azitoe. Akanitazama, akanitambua. Akacheka, afande. Akasema, 'Jamani, ni wewe! Simama hapo nikupige nyingine.'"

Inspekta aliweka kalamu chini. Mjane alitaka kujua kosa la mumewe. Ndilo hilo, muhuri na kicheko kimoja.

"Hakuipiga yeye ile picha," alisema.

"Muhuri wake niliuona kwa macho yangu!"

"Alipiga muhuri kila kitu."

"Nani, basi?"

Dada yake alikuwa nje kwenye benchi, amemletea sweta. Lakini maelezo ya dada yangesomwa mahakamani, mbele ya umati. Inspekta aliona uchungu, akaona heri ayasikie hapa.

"Dada yako. Alikuwa anawaita ndugu waje hospitali."

Mdomo wa fundi uliachama. Mikono yenye pingu ikapanda polepole mpaka kichwani, na macho yakamtoka. Konstebo aliyekuwa mlangoni alishtuka, kwa kuwa uso ule alikuwa nao kwenye simu yake.

Inspekta aliinuka, akaziba kioo cha mlango kwa mgongo wake.

"Hakuna simu humu ndani," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa ametoa yake.