Filimbi Ambayo Haikuwapo

Kila Jumamosi alasiri babu huifunika cherehani yake, hukung'uta vipande vya nyuzi kwenye suruali, kisha huniita, "Haya mama, twende tukayalishe masikio." Basi tunakwenda kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, chenye viti kumi na viwili na mashine ya santuri ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa isipokuwa Sista, muuguzi mstaafu anayetuongoza.

Kikundi chetu husikiliza muziki wa piano na okestra uliotungwa zamani. Watunzi mashuhuri hatuwagusi. "Hao wana watu wa kuwasifu," Sista husema. Sisi tunawatafuta waliosahauliwa. Kila wiki mmoja wetu hupewa santuri, huisikiliza nyumbani mara tatu, kisha hutueleza alichosikia kabla ya kuisikiliza pamoja.

Nilisumbua mwezi mzima mpaka nikapewa zamu, ingawa mtoto pale ni mimi peke yangu. Lakini santuri ilipofika nyumbani nikaanza kesho, kesho kutwa. Kuruka kamba kulikuwa kutamu zaidi, na babu alikuwa kazini, hakujua. Ijumaa nikasoma maelezo ya nyuma ya jalada: mwanamke aliyefundisha muziki maisha yake yote, tungo zake zikakaa kabatini miaka hamsini, na filimbi inayolia kama ndege wa alfajiri. Nikayakariri yote. Kazi kwisha!

Jumamosi nikasimama kifua mbele. "Sikilizeni filimbi," nikasema kwa sauti ya kimwalimu. "Inalia kama ndege wa alfajiri." Sista akaweka sindano.

Ikalia piano. Piano tupu. Nikaingoja filimbi, wala haikuja.

"Naam!" akasema mwenzetu tunayemwita Kinyozi, macho kayafumba. "Ndege huyo nimemsikia."

"Hata mimi," akadakia mwenzetu mwingine, mwalimu wa hesabu. "Analia kwa mbali."

Roho yangu ikatulia. Kumbe nimenusurika! Kisha nikamtazama babu. Alikuwa ameinama, kiganja nyuma ya sikio. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa mwaka uliopita, na kila siku aliogopa kupoteza la kulia. Muziki ulipokoma, akachukua kofia yake.

"Jamani, mimi sikusikia filimbi hata kidogo," akasema polepole. "Basi na hili limekwenda. Nawashukuruni sana. Kiti changu mpeni mwenye masikio."

Moyo uliniuma, sikuweza kuvumilia. "Babu, usiende!" nikapiga kelele. "Hakuna filimbi! Santuri sikuisikiliza. Nilisoma jalada tu."

Kinyozi akakohoa, akaanza kuzikagua kucha zake. Sista akavaa miwani, akaisoma karatasi ya katikati ya santuri.

"Kweli, huyu ni mtunzi mwingine kabisa," akasema. "Nilipozipanga nilikosea jalada, na kosa hilo ni langu. Lakini wewe ungeisikiliza hata mara moja tu, ungelijua." Akawageukia wale wawili. "Na nyinyi, ndege wenu alitokea wapi?"

"Sista, niliogopa kuonekana mjinga," Kinyozi akajibu, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu alicheka pia, ila akitazama sakafu.

Sista akatueleza kwamba mtunzi yule alikuwa karani wa posta, akitunga siku za mapumziko, na hakuwahi kupigiwa makofi. Tukaisikiliza santuri upya. Safari hii nilitega masikio kwelikweli. Chini kabisa, mkono wa kushoto wa mpigaji ulirudia sauti tatu zilezile.

"Sauti tatu," babu akaninong'oneza kabla sijafungua mdomo. "Zinazunguka tu, hazichoki." Alikuwa akitabasamu, na kofia ameirudisha magotini.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, nilimwomba radhi. Tulivuka barabara, tukapita duka la viatu, ndipo akanishika mkono.

"Nimekusamehe, mama. Najua hukukusudia kunidhuru. Ulichosikia sema umesikia, na usichosikia sema hujasikia, hakuna aibu. Lakini uongo ukishatoka mdomoni, huwezi kuuchagulia mtu wa kumwangukia. Leo umenifanya kiziwi, nami nilikuwa mzima."