Mwanaima Achagua Gari la Kupanda Mlima

Mwanaima anauza mafuta ya mawese mtaa wa Buzebazeba. Kila Alhamisi yeye na mumewe, Nassib, hukodi gari. Hupita Mwandiga, kisha hupanda milimani kununua mafuta kwa wakulima. Kiangazi safari ni rahisi. Masika, barabara ya udongo huteleza kama sabuni.

Mwezi wa tatu walikuwa wanarudi na madumu thelathini. Mama mmoja wa kijijini, Recho, aliomba lifti. Alikuwa na uchungu wa uzazi. Wakipanda kilima kimoja cha njiani, tairi moja ya nyuma ilianza kuzunguka bure. Gari likakwama. Wanaume wakambeba Recho kwa machela hadi zahanati, mvua ikinyesha. Alijifungua salama, lakini kwa shida kubwa.

Mwanaima alirudi nyumbani amelowa.

"Hatukodi tena," alisema. "Tumeweka akiba miaka sita. Tununue gari jipya. Na lazima lipande kile kilima."

Nassib alikubali upesi. Kesho yake alileta kitabu cha picha kutoka kwa wakala wa magari mjini.

"Tazama hili jeupe, mama Zubeda! Viti vya ngozi. Kioo cha juu kinafunguka. Rimu zinang'aa."

"Madumu yatakaa wapi? Kwenye viti vya ngozi?"

Mwanaima akachukua kitabu, wakaenda wote wawili kwa jirani yao, Dainess. Dainess ni fundi magari. Aliendesha malori ya misaada huko Kasulu kwa miaka mingi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaeni. Kabla ya picha, niambieni kazi. Mnabeba nini? Mnapita wapi?"

"Madumu arobaini, na watu watatu," alisema Mwanaima. "Kilima cha matope." Nassib akamwonyesha picha ya gari jeupe.

"Basi hilo jeupe si gari baya, ila si lenu. Linamfaa mwenye familia anayepita lami. Nyinyi mnahitaji pikapu. Iwe juu, chini isigonge mawe. Iwe na gia ndogo ya kupandia polepole. Na iwe na loki ya nyuma."

"Loki ndiyo nini?" aliuliza Nassib.

"Lile gari lilikwama kwa nini? Tairi moja ilikosa ardhi, nguvu yote ikakimbilia huko. Ya pili ikalala. Ukiwasha loki, zote mbili zinazunguka pamoja."

"Tutaifunga baadaye," alisema Nassib. "Kwanza rimu."

Dainess akacheka. "Kinyume chake, shemeji. Rimu utabadilisha hata mwakani. Loki iko ndani ya mifupa ya gari. Ikifungwa kiwandani ni bora, na ni rahisi kuliko kulipasua gari jipya."

Jumatatu walikwenda wote watatu kwa wakala, Bwana Leodgar.

"Tunataka kujaribu gari jeupe na pikapu ya kijivu," alisema Mwanaima. "Kwenye kilima chetu. Na mzigo."

"Mama, magari haya ni mapya! Hayapelekwi matopeni."

"Sisi tunaishi na matope. Kama hayaendi, sinunui."

Leodgar alimtazama, akachukua funguo.

Gari jeupe lilipakiwa madumu kumi tu, likajaa. Likapanda nusu, likateleza, likarudi nyuma. Pikapu ilibeba madumu arobaini. Katikati ya kilima tairi ilianza kuzunguka bure. Nassib akaweka gia ndogo, akabonyeza swichi ya loki. Gari likaguna, likapanda polepole mpaka juu.

"Hili!" Nassib alipiga usukani. "Hili hili!"

Pikapu ile ilikuwa ya kujaribia tu, hivyo ofisini Leodgar alileta karatasi ya kuagiza gari lingine kama lile. Nassib akashika kalamu. Mwanaima akamzuia mkono.

"Ngoja. Dada Dainess, tusomee."

Dainess akasoma hadi mwisho. "Hapa pameandikwa pikapu, tairi nne zinavuta. Loki haipo. Tairi ni za lami."

"Kwa sura ni gari lile lile," alisema Leodgar.

"Sura haipandi mlima," alijibu Mwanaima. "Andika loki. Andika tairi za matope, na ya akiba iwe ya aina hiyo hiyo. Ukimaliza, tutatia saini."

Leodgar akaandika yote.

Gari lilifika mwezi wa kumi. Dainess alikagua kila kitu, karatasi ya kuagizia mkononi. Loki ilikuwepo. Mvua za kwanza zilipoanza, siku ya Alhamisi, wakapanda milimani. Wakulima hawakuwa wamewatarajia, maana siku za mvua magari hukwama njiani. Mmoja wao, Mzee Pastory, alitoka nje, ameshika kofia.

"Mwakeye!" aliwasalimu kwa lugha ya kwao. "Mmepita wapi?"

"Barabarani, mzee," alisema Nassib, akishuka na viatu vimejaa matope.

Mzee Pastory aliligusa boneti la moto, kisha akageukia nyumba za jirani na kupaza sauti:

"Leteni madumu! Mwaka huu mafuta yetu hayatalala yakingoja kiangazi!"