Waya Juu ya Mkaratusi

Rafiki yangu mmoja, fundi wa redio na mtu asiyejua kutia chumvi, alipanda mlimani kujaribu antena aliyojitengenezea ya kutumia pasipo umeme wala mtandao. Ilikuwa waya mrefu tu, uliofungwa jiwe. Ilikuwa saa saba mchana, lakini ukungu ulikuwa umeutia msitu giza. Akalirusha jiwe juu ya mkaratusi, akachomeka waya kwenye redio yake ya mawasiliano na kuiwasha.

Katikati ya mikwaruzo ikatoka sauti ya mwanamke: “Shusha waya wako. Unanikaba.”

Jamaa akadhani ni mzaha wa wenzake. “Basi njoo uushushe mwenyewe, mama!” akajibu, akauvuta waya ukakaza.

Redio ikakoroma. Akavuta tena, ikakoroma tena. Hapo akauchomoa waya na kuuachia.

Haukuanguka. Ulipanda taratibu, shibiri kwa shibiri, kama kuna anayeukunja kule juu, mpaka ukapotelea ukunguni. Hata majani hayakutikisika.

Alikuwa anafunga mkoba aondoke, waya ukateremka mbele ya uso wake. Mwishoni mwake palikuwa na kitanzi, na kilisimama usawa wa shingo yake.