Tasbihi na Maili Moja

Bi Mashavu wa Jambiani alipika wali wa mtu mmoja. Mumewe alikufa zamani. Mtoto wake wa pekee, Shemsa, aliolewa mjini, Jang'ombe, na kijana aitwaye Masoud. Bi Mashavu hakumtaka Masoud. Siku ya harusi alijifungia chumbani. Tangu hapo mama na mwana hawakuonana, mwaka wa tatu huo.

Mwanzoni mwa mwaka 1970 ilikuja barua. Bi Mashavu hakujua kusoma, akaipeleka kwa jirani yake, Mzee Mcha, aliyewahi kuwa mpishi melini na aliyejua kila kitu, kwa maneno yake mwenyewe. Mcha alivaa miwani akasoma. Shemsa alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Masoud amepewa na serikali shamba la eka tatu Tunguu, na sasa wanakaa huko.

"Mama," iliendelea barua, "niko katika arobaini ya uzazi, siwezi kutoka kukupokea. Njoo Ijumaa. Shuka kwenye jiwe la maili kumi, ingia njia ya kulia, utembee maili moja. Nyumba iko peke yake, mkono wa kulia."

Bi Mashavu alilia. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake, watu wote wajua. Mjukuu wake alizaliwa kwa wageni, kwa sababu ya hasira za bibi.

Alimuuliza Mcha maili ni kiasi gani. Mcha hakusita. Akasema maili ni hatua elfu moja, na kila baharia anajua hivyo.

Ijumaa Bi Mashavu alichukua bakuli la bizari ya kumpikia mzazi, akapanda gari ya shamba, akashuka kwenye jiwe. Mkononi alishika tasbihi yake ya punje tisini na tisa. Alimwomba Mungu msamaha, kisha akaanza kuhesabu miguu yake kwa tasbihi. Kila hatua punje moja. Mizunguko kumi, na punje kumi juu yake, ikatimia elfu.

Aliinua macho. Mkono wa kulia palikuwa na banda peke yake, chini ya minazi. Akapiga hodi. Akapiga ya pili, na ya tatu. Mtu akipiga hodi tatu asiitikiwe, hurudi. Ndani mlinuka mbata, nazi zilizokaushwa, mlango umetiwa kufuli. Njiani hapakuwa na mtu wa kuulizwa, wanaume wote wamekwenda msikitini.

Bi Mashavu alikaa juu ya gogo. Moyo ukamwambia jambo baya, naye akalikubali: Shemsa amemwita makusudi, aje alione banda tupu, naye aonje jinsi binti alivyoachwa peke yake siku ya harusi. Akarudi Jambiani na bakuli lake la bizari ya uzazi, halijafunguliwa.

Hakumwambia mtu. Miezi minne alikula peke yake, akalala mapema. Usiku wa upweke ni mrefu hata ukilala mapema.

Mwishowe alijiunga na kisomo cha watu wazima, si kwa kupenda kusoma, ila kwa kutaka kusikia sauti za watu. Mwalimu alikuwa Bi Khamisa, msichana kutoka mjini. Siku moja Bi Khamisa aliandika ubaoni neno MAILI, akauliza nani analijua.

"Hatua elfu," alisema Bi Mashavu. "Nshazitembea. Hazikunfikisha popote."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, na Bi Khamisa aliliona hilo. Alimwita mbele, akamwomba atembee polepole.

"Zamani sana kulikuwa na watu wa Roma," alieleza. "Askari wao walipokwenda safari, walihesabu hatua. Lakini hawakuhesabu kila mguu, Bi Mashavu. Walihesabu kila mguu wa kushoto ulipotua. Kushoto na kulia, hiyo moja. Hatua kama hizo elfu ndiyo maili, na jina lenyewe kwa lugha yao lilikuwa elfu. Baadaye Waingereza wakaifunga kwa sheria, futi elfu tano mia mbili na themanini, ndiyo hii ya mawe ya barabarani. Kilomita tunayoanza kuisikia ni fupi zaidi. Maili moja ni kilomita moja na nusu na kidogo."

Bi Mashavu akauliza, "Kwa hivyo mimi nlikwenda nusu?"

"Hata nusu hukufika. Wale walikuwa vijana wenye miguu mirefu."

Mcha hakusema uwongo. Alisema ukweli usiotimia, nao humpoteza mtu vilevile.

Jioni ile mwalimu na mwanafunzi wake walikwenda barabarani, wakatembea kutoka jiwe moja la maili hadi la pili. Bi Mashavu alihesabu miguu yake mwenyewe. Ikawa mizunguko ishirini na mitano. Ndiyo njia iliyo sawa, alisema Bi Khamisa: ijue hatua yako kwanza, halafu uitumie kupimia.

Wiki iliyofuata Shemsa alipata barua ya herufi kubwa zilizopinda: NAKUJA IJUMAA. MAMA.

Bi Mashavu alishuka tena kwenye jiwe la maili kumi. Mzunguko wa kumi ulipotimia aliliona lile banda. Aliogopa. Akapita. Kumi na tano. Ishirini. Njia ilipinda penye migomba. Katika mzunguko wa ishirini na tatu alimwona mwanamke anakuja mbio mbio, mtoto begani.

Walishikana muda mrefu.

"Ile Ijumaa nlikupikia," alisema Shemsa. "Mlango nliuacha wazi mpaka magharibi. Nkasema mama hajansamehe."

"Nlikuwa hapo kwenye banda la mbata, mwanangu. Nlipiga hodi tatu."

Shemsa aliinua macho kulitazama banda, kule mbali chini ya minazi. Kutoka kizingitini kwake lilionekana.

Bi Mashavu alimpokea mjukuu, akaitia tasbihi mfukoni. Mizunguko miwili na ushei ilikuwa bado kufika nyumbani. Hiyo alikuwa keshaitembea Shemsa, kuja kumlaki.