Pazia la Nyoosha

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, msichana mmoja wa darasa la sita alikaa mbele ya runinga kumsubiri Bwana Nyoosha. Huyo alikuwa fundi suti katika tamthilia, mtu aliyepanga vifungo kwa rangi, akapima na kupima tena, akafumua suti nzima kwa mshono mmoja uliopinda, na hakumruhusu yeyote kugusa sindano yake. Nyumbani wote walicheka mpaka machozi. Msichana hakucheka, alimhusudu. Akaanza kupanga viatu vya familia nzima kwa urefu, hadi wenzake wakambandika jina hilohilo: Nyoosha.

Jumamosi ilikuwa siku ya mchezo wa kuigiza shuleni, na darasani hapakukalika kwa furaha. Pazia la jukwaa lilikuwa la vipande vya vitambaa, na kila mwanafunzi alikuwa ameunga chake. Kwa kuwa mama yake Nyoosha alikuwa fundi cherehani, Nyoosha alipewa pazia akatie upindo wa kupitishia kamba. Upindo tu.

Asubuhi hiyo alimaliza upindo, akalitandaza pazia sakafuni alitazame. Mshono wa Mapengo, mwanafunzi mwenzake, ulikwenda upande kama njia ya mbuzi. Akaufumua. Wa Kidoti, mwenzao mwingine, nao ukaonekana umepinda. Kabla hajajua, mbele yake palikuwa na rundo la vipande.

Kidoti na Mapengo walipokuja kuchukua pazia, walikwama mlangoni. Nyoosha alieleza haraka kwamba mishono haikunyooka, na kwamba angeirudia yote yeye mwenyewe. Kidoti akamuuliza kama angemaliza kabla ya saa tisa, au wageni waombwe wafumbe macho.

"Nilijichoma vidole kwa mshono ule," Mapengo alisema taratibu, akageuka kuondoka.

Mama akasimamisha cherehani. "Mwanangu, Bwana Nyoosha akifumua suti, kuna mtunzi wa tamthilia anamwandikia nyingine. Akifukuza marafiki, anaandikiwa wengine. Wewe nani atakuandikia?"

Nyoosha alitoka mbio pekupeku, akamkuta Mapengo njiani na kumwomba radhi. Alimsihi arudi, na njiani wakawaita wenzao wa jirani. Chumba kikajaa vicheko, nyuzi na mabega yanayosukumana. Mshono wa Mapengo ukaenda upande tena. Mkono wa Nyoosha ukamwasha, lakini mkasi alikwisha kumkabidhi mama.

Saa tisa kamba ilivutwa, pazia likateleza bila kukwama, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nyoosha alirukaruka huku amemshika Mapengo mkono.

"Jicho lako ni zuri, usilitupe," mama alimwambia wakirudi nyumbani. "Limefanya upindo upitishe kamba vizuri. Ila kazi ya wengi ukiifanya peke yako, hata ikinyooka namna gani, umewaondoa wenyewe."

Jioni ile Bwana Nyoosha alifumua suti nyingine. Msichana alicheka kwa mara ya kwanza. Kisha akamwonea huruma: karakana yake ilinyooka kila pembe, na ndani yake alikuwamo yeye tu.