Radhi Isiyo Yake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nasiha alipangusa vyombo vya sebuleni, maana vumbi jekundu la Voi halina likizo. Mwaka huo wa 1994 alikuwa darasa la sita. Chombo alichokipangusa kwa uangalifu zaidi kilikuwa amplifaya ya baba yake, Bwanaheri, muuza vitambaa.

Siku moja, kaseti ya kasida ikiwa inalia tangu alfajiri, Nasiha aliondoa mkono haraka juu ya amplifaya.

"Baba, upande huu wa kulia unaunguza, na wa kushoto ni baridi!"

"Usiiguseguse. Mtoto wa kike na umeme, wapi na wapi?"

Alhamisi jioni, wanawake walikusanyika kufanya mazoezi ya nyimbo za arusi ya Khairat, dada yake Nasiha. Ghafla amplifaya ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza kimya. Arusi ilikuwa Jumamosi.

"Ni huyu!" baba alifoka. "Kila siku mkono wake uko hapo. Niombe radhi mbele ya watu!"

Nasiha hakuinamisha uso.

"Nakuheshimu, baba. Lakini sitaomba radhi kwa kosa nisilolifanya. Huo utakuwa uongo."

"Nasiha!" mama yake, Saadiya, alishtuka.

"Nilipangusa tu, mama. Ifunguliwe kwanza, ndipo nihukumiwe."

Usiku huo hakusemeshwa na mtu. Kesho yake alipotoka shule hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita kwa Kalondu, fundi wa redio karibu na stesheni, akarudi naye.

"Nani amekuita?" baba alimuuliza fundi.

"Nimemwita mimi, baba," Nasiha alijibu.

Kalondu aliigeuza amplifaya, akatazama nyuma. "Nani alifunga spika zote mbili upande mmoja?"

Baba alikohoa. "Mimi. Kibanio cha kushikia waya cha kushoto kilikatika mwaka juzi."

"Basi tangu mwaka juzi upande wa kulia umebeba mzigo wa wawili, na wa kushoto umelala." Akafungua kifuniko. "Tazama: huu umeungua, ule ni kama mpya. Mtoto hana hatia."

Fundi alibadilisha vipuri vilivyoungua, akatengeneza kibanio, akafunga spika moja kila upande. "Zikae hivi daima, na sauti msiifungue hadi mwisho. Itawatumikia miaka mingi."

Jioni wanawake waliporudi na watoto wao, Bwanaheri alisimama mbele yao.

"Nisamehe, mwanangu. Uliniambia mapema, nikakudharau. Kisha nikataka ubebe kosa langu." Akawageukia watoto wote waliokuwepo. "Sikilizeni. Mzigo wa wawili ukimwelemea mmoja, humvunja, awe mtu au chombo. Na kusema kweli kwa adabu si kukosa heshima, hata mbele ya mzazi."

"Nimekusamehe, baba," Nasiha alisema, akabonyeza kitufe cha kaseti. Nyimbo zikalia pande zote mbili.