Upinde Uliokaushwa Juani

Kila siku akitoka shule, Mwende alivua viatu mlangoni, akabadili sare, kisha akachukua jerikeni la njano kwenda kuteka maji kwenye kioski kilichokuwa mwisho wa mtaa wao, pale Changamwe. Kwa mtoto mwingine yeyote, kazi hiyo ingekwisha mara moja. Kwa Mwende ilikuwa safari. Alisimama kutazama moshi wa kiwanda ukijinyoosha angani, akasimama tena kusikiliza malori ya barabara ya Magongo yakinguruma kwa mbali, akili yake ikaondoka taratibu ikamwacha pale pale njiani. Jerikeni lilijaa, likafurika, likamlowesha miguu, na bado hana habari.

"We Mwende!" muuza maji alimwita. "Leo ulikuwa umefika wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa," alijibu kwa aibu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Basi ndivyo alivyokuwa msichana huyu wa miaka kumi na miwili. Hakuwa mvivu hata kidogo. Ila alikuwa akiota mchana kweupe, macho wazi.

Ndoto moja ndiyo iliyomtia katika mambo haya. Mwalimu Jalila alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba siku ya Utamaduni shuleni, kila mmoja alete kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, kitu walichokijua wazee wa kwao. Wengine walisema ukili, wengine kibuyu, wengine mwiko. Mwende, aliyekuwa akitazama dirishani, alijikuta amenyoosha mkono.

"Upinde, Mwalimu! Baba ya baba yangu alikuwa akichonga pinde kule Kitui."

Darasa likacheka. Msichana na upinde wapi na wapi? Lakini Hafswa, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, hakucheka. Hafswa alikuwa na shabaha ya ajabu; akirusha jiwe, kopo huanguka.

"Chonga wewe," alisema, "nilenge mimi. Wallahi watajuta kucheka."

Jioni ile Mwende alipomweleza baba yake, Kioko aliacha kula, tonge likiwa mkononi. Kioko alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya malori. Tangu aje Mombasa akiwa kijana, hakuwahi kushika mti ila wa kuni.

"Upinde? Wewe, mama?" Akatabasamu, na tabasamu lile likamrudisha ujana. "Haya. Lakini mimi nitakuelekeza tu. Mkono utakaochonga ni wako."

Dereva mmoja rafiki yake aliwaletea gogo la mkone kutoka upande wa Kwale, mti mgumu unaopindika bila kukatika. Kioko alilipasua kwa panga, akachagua kipande kirefu kilichonyooka, akamwonyesha Mwende nyuzi nyembamba zilizopita ndani yake kutoka ncha hadi ncha.

"Fuata uzi wa mti," alimwambia. "Ukitaka kwenda kulia na uzi unakwenda kushoto, nenda nao kushoto. Ukiukata, upinde utakatikia hapo hapo."

Lo, Mwende aliipenda kazi ile! Alichonga kwa panga, kisha kwa kisu, kisha akakwangua kwa kigae cha chupa, naye Kioko akikaa kando na kikombe chake cha chai, akisema, "Hapo punguza," au, "Hapo acha." Maranda yalijikunja yakaanguka magotini mwake. Harufu ya mti mbichi ilimjaa kifuani. Kigae kilipopita juu ya mti, shhh, shhh, ua wa nyumba ya kupanga ulififia na nguo zake zilizoanikwa, na Mwende akajiona yuko kwenye vilima ambavyo aliviona mara moja tu akiwa mdogo. Babu asiyemjua alitembea mbele yake kwenye nyasi ndefu bila kutoa sauti. Mwende aliachia mshale, ukapita juu ya matangi ya mafuta, ukapita juu ya winchi za bandarini, ukaendelea kwenda tu, mwepesi, hauna haja ya kutua.

"Mama, unakwangua kidole," baba yake alisema.

Upinde ulipopata umbo, Kioko alizipaka mafuta ncha zake, akaufunga kwa gunia na kuuning'iniza ukumbini, mahali pasipofika jua.

"Sasa tunaungoja. Kwetu Kitui hewa ni kavu, mti kama huu haukawii. Huku pwani hewa ina maji, na mti unayanywa. Utakauka kivulini, polepole. Usiuguse."

Kungoja! Hapo ndipo penye kazi. Siku zilikwenda, Mwende akawa kila akipita ukumbini anaingiza mkono ndani ya gunia kupapasa. Mti ulikuwa mzito bado, na baridi. Siku ya Utamaduni ilikuwa imekaribia, na baba yake alishikwa na kazi, kwa kuwa mwenzake wa karakana alikuwa mgonjwa. Alirudi amechoka, akala, akalala. Mwende alianza kuogopa. Akilini aliwaona wenzake wakicheka, akamwona Hafswa amesimama uwanjani mikono mitupu.

Jumapili mchana, baba yake akiwa amelala, Mwende aliutoa upinde kwenye gunia. "Kidogo tu," alijiambia. Akapanda juu ya ndoo, akaulaza juu ya bati la jikoni. Bati lilikuwa na moto wa kukaangia yai. Yeye akakaa chini ukutani, akayatazama mawingu, na unamjua tayari: mawingu yakamchukua.

Alizinduliwa na mlio. Ta!

Aliushusha upinde mbio, viganja vikiungua. Karibu na mahali pa kushikia palikuwa na ufa, mwembamba, wenye urefu wa kidole. Mwende alilia pale jikoni, akilia kimya kimya asimwamshe baba yake. Angemwamsha, hadithi hii ingeishia hapa. Badala yake alichukua mshumaa, akayeyusha nta, akaichanganya na unga wa mbao, akauziba ufa. Akakwangua, akapaka mafuta, akasugua kwa kitambaa mpaka ufa usionekane tena. Alipomaliza hata yeye mwenyewe aliutafuta asiuone. Karibu aamini kwamba haukuwahi kuwapo.

Siku ya Ijumaa, siku moja kabla ya Utamaduni, Kioko alipata nafasi ya kurudi mapema. Aliushika upinde, akaupima uzito kwa mkono.

"Umekauka upesi hivi?"

"Ni joto la wiki hii, Baba."

"Na mafuta haya yote! Unang'aa kama upara wa yule kinyozi wetu."

Alicheka, na Mwende akajilazimisha kucheka. Kioko alileta ugwe alioutengeneza kwa kano za ng'ombe, akafunga ncha moja, akaukanyaga upinde na kuupinda kidogo ili afunge ncha ya pili. Mwende akasikia mlio mdogo, kama wa mtu anayetafuna njugu chumba cha pili. Alikohoa kwa nguvu kuufunika.

Hafswa alikuwa amekuja kujaribu, buibui lake amelikunja mikono.

"Shikamoo, Baba Mwende."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone kazi ya mwenzako."

Walitoka hadi uwanja mdogo nyuma ya nyumba, ambako Kioko alikuwa ameegemeza gunia la nyasi ukutani. Alimkabidhi Mwende upinde kwa mikono miwili.

"Kwetu, upinde mpya huvutwa kwanza na aliyeuchonga. Wengine husimama mbali. Yeye ndiye anayejua alichokifanya, basi yeye ndiye aanze. Vuta, mama."

Mwende aliushika. Chini ya kidole gumba alijua kabisa ufa uko wapi. Kusema, aliona aibu. Na kuvuta, aliogopa. Ndipo likamtoka neno ambalo hakulifikiria.

"Mkono unaniuma, Baba. Avute Hafswa."

Kioko alimtazama kwa mshangao, kisha akaguswa. "Si kawaida. Lakini mchongaji akimpa mwenzake mvuto wa kwanza, amempa heshima kubwa sana. Sikia hilo, Hafswa."

"Wallahi, Mwende!" Macho ya Hafswa yalimeta. "Hili sitalisahau."

Hafswa alisimama, akanyoosha mkono wa kushoto, akaweka mshale aliopewa na Kioko. Akainamisha shavu karibu na ugwe, akafumba jicho moja. Jicho la pili, lile kubwa jeusi ambalo Mwende alilijua tangu darasa la kwanza, likabaki wazi, mbele yake ule mti. Alikuwa akitabasamu.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mwende hakuwa akiota kitu chochote. Aliona kilichokuwa mbele yake, wazi kabisa.

"Usivute!" alipiga ukelele, akaruka na kuukamata upinde kwa mikono yote miwili. "Usivute, Hafswa! Una ufa! Niliuanika juu ya bati ukapasuka, nikauziba kwa nta!"

Mshale ulianguka miguuni mwao. Kioko aliuchukua upinde, akapitisha ukucha pale karibu na kishikio, na nta ikabanduka.

Hakugomba. Aliufunga upinde kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akafunga kamba ndefu kwenye ugwe, akawarudisha wasichana wote wawili nyuma ya ukuta. Kisha, naye akiwa amejificha, akavuta kamba.

Pa! Upinde ulikatika. Nusu yake iliruka ikaupiga mlango wa bafu, na kibanzi kirefu, chenye ncha kali, kikabaki kimekwama kwenye ubao.

Hafswa alikitazama kibanzi kile. Akajigusa shavu, akapandisha mkono polepole hadi kwenye jicho. Kisha akageuka, akaenda zake kwao bila kuaga.

Mwende aliketi penye maranda akalia mpaka akaishiwa na machozi. "Nipige, Baba," alisema.

"Nikikupiga, upinde utaungana?" Kioko aliketi karibu naye. "Mimi pia nimeogopa, mama. Yule ni mtoto wa watu, na mimi ndiye niliyempa ruhusa avute." Akamkung'uta maranda kwenye nguo. "Kesho utakwenda shule na nini?"

Asubuhi, Mwende aliviokota vipande viwili, akavifunga kwa kitambaa, akaenda navyo.

Ua wa shule ulijaa wazazi. Kulikuwa na mikeka, vibuyu, kofia za viua, na mbuzi wa kukunia nazi. Mwende alipoitwa, alifungua kitambaa chake mbele ya watu wote.

"Huu ndio upinde wangu," alisema. Wachache wakacheka. Akangoja wanyamaze, kisha akaendelea. Alisema jinsi ya kufuata uzi wa mti, na jinsi kigae cha chupa kinavyokwangua. Alisema kuhusu bati, na ufa, na nta. "Halafu nikampa rafiki yangu auvute, nikijua. Angeweza kupoteza jicho. Hafswa, nisamehe."

Hakukuwa na kicheko tena. Mwalimu Jalila aligeuka kumtafuta Kioko, aliyekuwa amesimama nyuma na ovaroli yake ya kazini.

"Baba Mwende, tafadhali, waambie watoto neno."

Kioko alikuna kichwa. Hakuzoea kusema mbele za watu.

"Mti kupasuka ni jambo la kawaida," alianza. "Baba yangu alipasua mingi tu. Uliopasuka tulichemshia chai, tukatafuta mwingine. Watoto wangu, kazi ya mikono haitaki haraka, na ikikuharibikia, sema imeharibika. Utachekwa kidogo, basi. Ubaya unaanza pale unapouziba ufa ukapendeza, kisha ukamkabidhi mwenzako anayekuamini. Mwende aliufanya ubaya huo. Lakini alisema kabla mtu hajaumia, na leo amesema tena bila mimi kumtuma. Kwa hilo, sioni haya kuitwa baba yake."

Mwalimu Jalila alivichukua vipande vile, akavilaza mezani katikati ya mikeka na vibuyu, mahali pa kuonekana na kila mtu.

Watu walipotawanyika, Mwende alibaki peke yake penye meza ile. Alisikia hatua nyuma yake, na hakuthubutu kugeuka.

"Jana nilikuchukia," alisema Hafswa.

"Najua."

"Hata leo, kidogo." Hafswa alikiokota kipande kimoja, akakigeuza geuza, akapitisha kidole mahali palipokuwa na nta. "Ila ulipiga ukelele. Na hujawahi kupiga ukelele wewe, hata jerikeni likikuangukia mguuni."

Mwende alicheka na kulia kwa pamoja.

"Na mti mwingine," Hafswa aliuliza, "utakauka kwa muda gani?"

"Muda mrefu sana. Pengine mpaka tufunge shule na kufungua tena."

Hafswa alikirudisha kipande mezani, akakilaza sawasawa kando ya mwenzake.

"Basi tutangoja," alisema.